Utepe Haujaiva

Saa moja asubuhi, Ísafjörður bado giza.
Sólrún anafungulia mabomba ya kiti cha pili:
dakika mbili maji yaende bure,
yaliyolala bombani yasije kuamkia
mdomoni mwa mtu.

Kisha mtungi wa mvuke.
Koleo, vioo, vichokonoo,
kila kimoja na mfuko wake.
Utepe ulipaswa kuiva, uwe mweusi ti.
Ni kijivu. Jivu la juzi.

"Si umeiva kiasi?" asema daktari Hallgrímur,
miwani juu ya paji.
"Na Ketill yuko nje, shavu limemvimba
tangu Jumapili."

Sólrún hajibu. Anaandika daftarini:
mzunguko wa kwanza, umeshindwa.
Saa. Jina lake.
Anarudisha vyote mvukeni,
hata kile kikoleo cha meno ya watoto
ambacho wiki nzima hakuna aliyekigusa.

Barazani Ketill ameegemeza shavu ukutani,
ukuta una baridi, angalau.
Aliyeponywa hushukuru;
aliyekingwa hulalamika.

Dakika arobaini.
"Mbona mmechelewa hivi?"
Naye, akinawa mikono mara ya tatu:
"Mashine yetu imezeeka.
Panua."