Ushindi wa Mezani

Nimezianika jezi kwenye seng'enge ya hosteli.
Kumi tu. Ya kumi na moja Mwinchande kaondoka nayo Kilwa,
hata mtihani wa mwisho hakuungoja.

Mechi tisa: tumefungwa saba, sare moja,
na ushindi mmoja wa mezani.
Basi la wale wa uhasibu lilizimika Mtongani,
sisi tukashangilia uwanja mtupu
kama watu waliochukua kombe.

Machi tulisema ni mvua.
Chang'ombe palikuwa bwawa, mpira unaelea,
nani angefunga?
Mei jua likawaka,
tukasema refa.
Juni hatukusema kitu.

Kocha Ngatunga, mchana mwalimu wa takwimu,
alichora mshale ubaoni:
kwa Shomvi, kwa Gervas, golini.
Mshale upo mpaka leo.
Wanafunzi wa jioni wanaandika pembeni yake,
kwa heshima,
au kwa uvivu wa kutafuta dasta.

Ile penalti siisemi.
Gervas naye haisemi. Jana nilimkuta kwa Mama Nasra wa chipsi
amepanga chupa tatu za soda,
akazipanga upya,
akasukuma kizibo kwa kidole, polepole,
kikapita kati ya mbili.
Nikamwambia, kula, zinapoa.

Nimeloweka, nimesugua kwa limau.
Namba tisa ina doa begani, halitoki.
Atakayeivaa mwakani akiuliza
nitamwambia ni kutu ya seng'enge.