Bila Kikomo

Saa tisa na dakika kumi usiku, hapa Oulu,
simu inatambaa mezani kama mende aliyepinduliwa.
Seva ya pili imekufa.
Haikuugua, haikuaga. Mfumo ulipima
nani mnene kuliko wote humo ndani,
ukamkata.

Nje, theluji inashuka tangu jana adhuhuri.
Magreda arobaini na moja yako barabarani, Tuira mpaka Kaakkuri,
na kila greda, kila sekunde, linatangaza:
niko hapa.
Sasa niko hapa.
Sasa hapa.
Seva zetu tatu hupokea jumbe, huzipanga foleni,
na programu ya ramani huja kuzichukua.
Ramani haijaja tangu saa nne.
Hakuna aliyeambiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
kikishajaa, haba inayofuata inakwenda wapi?

Seva ya kwanza imejitwika mzigo wa marehemu juu ya wake.
Tisini na moja kwa mia. Tisini na nne.
Nampigia Tuovi; anapokea kwa sauti iliyolaliwa na mto.
"Usiiwashe ya pili," anasema, "itaanza kuyasoma yote iliyoyaacha,
itakufa tena mlangoni."
Nilikuwa nimeshaiwasha.
Ikafa mlangoni.
"Basi zuia wanaoleta. Mlango kwanza, maiti baadaye."

Nayaambia magreda yote: subirini.
Kisha natafuta kikomo cha foleni ile.
Faili lina umri wa miaka sita. Penye namba
pameandikwa: bila kikomo.
Pembeni, herufi mbili za mwandishi, S.K.
S.K. ni mimi.
Ulikuwa mwezi Juni, jua limegoma kuzama,
nilikuwa na magreda matatu tu ya majaribio,
nikadhani ni ukarimu
kutomfungia mtu mlango.

Laki saba na ushee zimelala humo.
Nafungua mmoja: greda la kumi na nne, darajani Tuira, saa nne na nusu.
Urpo huyo. Saa hizi yuko Haukipudas anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
na njia aliyoilima imeshafunikwa tena.
Tumejaza matumbo ya seva
kwa mahali ambapo hakuna mtu.

"Futa," anasema Tuovi, "ila bakisha wa mwisho wa kila greda."
Kidole changu kinasita. Sijui kwa nini; nimewahi kufuta picha za harusi.
Nafuta.
Zinabaki arobaini na moja.
Seva ya kwanza inashusha pumzi, thelathini kwa mia, ishirini na mbili,
ya pili inaamka, inakuta chumba kitupu, inakaa.

Naandika: elfu moja. Ikijaa, wa kale atoke.
Natia herufi zangu tena, chini ya zile za zamani,
sikuzifuta zile.

Saa kumi na mbili Urpo anapiga redio:
usiku kucha, mliniona kweli?
Nilitaka kumwambia hapana.
Tulikuona, Urpo. Tulikuona kupita kiasi.