Dirisha la Katikati

Zimelala mezani, juu ya plastiki ya maua,
moja buluu, moja rangi ya rosela iliyochemka,
na mama ameweka kikopo cha chumvi katikati
kana kwamba zikigusana zitapigana.

"Njia mbili zilimshinda fisi," anasema.
Namwambia fisi hakuwa na tiketi.
Hacheki. Tangu baba afie kwao,
kwenye kijiji cha theluji asichowahi kututajia,
mama hacheki mambo ya safari.

Basi nikamtungia ubeti, alale nao:

Kwenye kaunta naanza, nyekundu naifunua,
Afisa akichunguza, buluu naichukua,
Roma wakiniuliza, nyekundu watatambua,
Nyumbani kwa kumaliza, ni buluu hufungua.

Akaurudia akisonga sima.
Rangi akazipishanisha,
akanipeleka Roma kwa buluu,
akanirudisha Malindi kwa nyekundu
na muhuri wa siku tisini,
mgeni katika chumba nilichozaliwa.

"Na huko juu?" akauliza.
Juu wapi?
"Angani. Pasipo na dirisha la mtu. Unakuwa nani?"

Hilo sikuwa nimelitungia.

Ndani ya buluu mimi ni Haluwa Ngumbao,
jina la babu, lenye udongo wa Kakuyuni.
Ndani ya nyekundu ni Haluwa Pedrotti,
jina la mzee aliyejenga nyumba ya vigae kule Casuarina,
akaiuza, akaniachia pua yake
na deni la duka la vifaa.
Tiketi inamjua Pedrotti peke yake.
Kwa hiyo nimebeba cheti cha kuzaliwa, kimekunjwa mara nne,
shahidi wa wanawake wawili
wasiowahi kukaa chumba kimoja.

Saa nne Nzai akaja na tuktuk.
Nzai, mtoto wa mama mdogo,
kitovu chake na changu vimezikwa nyuma ya choo kilekile.
Mara ya tatu sasa wamemrudisha kwa chifu:
lete kitambulisho cha babu.
Babu amelala chini ya mkanju,
na pale hakuna namba.

Kabla ya uwanja wa ndege, askari. Misumari barabarani.
"Vitambulisho."
Nzai akatoa ile karatasi ya kusubiri,
imelainika kama kitambaa cha kufutia mtoto.
Askari akaisoma, akaigeuza, akaisoma nyuma
palipokuwa patupu.
"Na wewe, dada?"

Dirisha hili halikuwa kwenye ubeti.
Nikafungua kipochi, mkono ukasitasita,
zikaanguka zote mbili kwenye sakafu ya tuktuk,
kati ya viatu vya Nzai.

Askari akaziangalia. Akamwangalia Nzai.
Akaangua kicheko, kwa wema kabisa:
"Dada, si umpe mwenzako moja!"

Nzai ndiye aliyecheka zaidi.
Alicheka mpaka tukafika langoni,
akashusha begi, akalipangusa vumbi kwa kiganja,
akakataa nauli.
"Niletee kikombe," alisema.
"Kiandikwe jina langu. Lote. Nzai Mwagandi Baya."

Nairobi, usiku, mambo yakaenda kama ubeti.
Nyekundu kwa binti wa kaunta,
akapima begi, akatabasamu.
Hatua thelathini mbele, buluu kwa afisa.
Akafunua, akatafuta viza, hakuiona.
"Unayo nyingine?"
Ninayo.
Nikamwonyesha. Akagonga muhuri bila kuinua macho.

Nilitaka kumwambia habari za Nzai.
Nyuma yangu mtu akakohoa,
foleni ikasogea, nami nikasogea nayo.

Angani nikazitoa, nikaziweka mapajani.
Hakuna aliyezitaka.
Bibi wa kiti cha jirani alikuwa amelala mdomo wazi.
Nikaomba kalamu, nikaandika nyuma ya tiketi,
nisije nikakosea herufi dukani:
Nzai Mwagandi Baya.