Kabla ya Mkasi

Miaka kumi na tisa barazani, Mtaa wa Mkunguni,
nimekata vitenge, kanzu, sare za shule,
huku nikibishana mpira na muuza kahawa,
na mkasi unajiendea, kama mbuzi anayejua zizi.

Leo Bi Tunu Pazi kaleta lesi,
mita nne, rangi ya damu ya mzee, ya harusi ya mwanawe.
"Fundi Kondo, hii haina nyingine Kariakoo nzima."
Akaenda zake. Neno lile likabaki mezani.

Nimepima. Nimepima tena.
Kifua arobaini na mbili. Au futi nililivuta?
Nimepiga chaki, nimefuta, nimepiga,
lesi imekuwa ubao wa mwalimu wa hesabu.
Nikajiuliza kidole gumba huwa kinakaa wapi.
Nikakitazama.
Hapo ndipo mkono uliponisahau.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa.
Kahawa imepoa, nzi kazama ndani yake.
Shomvi, mwanafunzi wangu, anajifanya anatafuta sindano
asinione.

Mara umeme ukakatika.
Mtaa mzima: "Aaah!"
Cherehani kimya, feni ikajivuta raundi ya mwisho,
nami nikamgeukia Shomvi:
lile goli la pili la jana,
kweli alikuwa ameotea?
Akasema ndiyo. Nikasema huna macho.
Akaapa. Nikacheka.
Krrr, krrr, chini ya kiganja changu.

Sikuthubutu kuinamisha kichwa.
"Haya," nikamwambia, "na lile la kwanza je?"