Nambari ya Fremu

Cheti kinasema thelathini na sita.
Zahran hakubali. Amelala chali juu ya gunia,
gereji ya Mabela, saa tano asubuhi,
bisibisi haishikiki kwa joto.
Anakwangua kwa wembe:
nyeusi, chini yake kijani cha mgomba,
chini yake wekundu usio haya.

"Milango ya nyuma inafunguka kinyume, sawa.
Lakini taa zimeshaingia kwenye madigadi.
Mwongo huyu cheti."
Bawaba moja ya shaba, tatu za bati.
Injini si yake, ya lori
lililokufa njia ya Nizwa.

Namshikia tochi.
Siku ya uraia nami niliulizwa hivi hivi:
babu, baba yake babu, kijiji,
na lafudhi hiyo ya Ng'ambo umeitoa wapi?
Nilijibu matatu. La nne nikakohoa.

"Ipo!"
Tarakimu tano, ya mwisho imeliwa na kutu:
tatu, au nane.
Zahran analamba kidole,
anaipapasa, macho kayafumba.
Muda mrefu.

"Andika nane."

Naandika,
kwa penseli.