Chini ya Jiko la Bibi Marjeta

Pangoni kaskazini haionekani;
Jerneja ameishika kiganjani, sindano inayotetemeka
chini ya kioo chenye tope.
"Mita sita nukta mbili," anasema. Kaka yake anaandika.
"Digrii mia moja arobaini na moja.
Mwinamo, hasi thelathini na tatu."
Namba tatu, basi. Ya nne haihitajiki
kumwambia mtu jiwe liko wapi.

Kituo cha kumi na saba ni nukta ya rangi ya kucha,
nyekundu, juu ya mwamba unaotoka jasho.
Kutoka hapo wanamulika mbele, wanasoma, wanatambaa,
na kila kituo ni mtoto wa kilichotangulia:
ukikosea kimoja, ukoo wote umepotea.
Kwa hiyo wanapima kwenda, wanapima kurudi,
Vitomir akilaani kwa meno yanayogongana,
penseli ikigomea karatasi iliyolowa.

Sifuri, sifuri, sifuri
ni msumari wa shaba mlangoni mwa pango,
waliougongomea alfajiri moja ya Machi.
Wangeweza kuugongomea popote.
Mkono wa Vitomir ulikuwa umechoka kubeba nyundo.

Usiku, mezani, sini na kosini zinazigeuza pembe
kuwa mashariki kiasi hiki, kaskazini kiasi hiki,
chini kiasi hiki.
Jerneja analaza ramani ya pango juu ya ramani ya kijiji,
anaziinua mbele ya taa,
anakaa kimya mpaka chai inapoa.
"Vito. Njoo uone."

Ukumbi wa mwisho, ule wenye mto,
uko chini ya nyumba ya bibi yao.
Si karibu nayo. Chini yake hasa. Chini ya jiko.
Mashariki ni ileile, kaskazini ni ileile;
kinachotenganisha ni namba ya tatu,
mita themanini na nne za mawe ya chokaa.

Miaka arobaini Bibi Marjeta amesema
mvua ikinyesha anasikia maji yakitembea sakafuni,
na miaka arobaini wamebadilisha mazungumzo.
Daktari wa Sežana alimpa dawa ya matone ya masikio.

Jumapili wakamtandikia ramani. Hakuitazama.
Alivuta kiti kutoka dirishani,
akakiweka kati ya meza na sinki,
akaketi, akagonga kigae kwa kisigino.
"Hapa. Nilisema hapa."

Vitomir akapiga magoti,
akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha.