Sufuri Tano

Walikuja Walukuba siku ya Alhamisi, wawili,
viatu vyao havijui grisi,
mmoja kashika sumaku, mwingine daftari.
Hawakuuliza, “Mugoya, inalia vipi asubuhi?”
Sumaku ilitembea juu ya bodi,
ikang'ang'ania, ikaachia;
palipoachia waliandika.
Pale ni bega la kushoto, nilipaziba mwenyewe
mwaka ule mvua ilipotutupa mtaroni Iganga,
mimi na marehemu Tenywa, tukicheka kama wehu.
Kwenye daftari pakawa: kasoro, toa milioni nne.

Datsun ya milango miwili, rangi ya papai.
Niliinunua kwa mjane wa mhandisi wa umeme
kwa ng'ombe wawili na deni la mmoja.
Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria.
Siku hizo kabureta ya Kisekka ilikuwa bei ya kreti la soda,
na muuzaji alikutafuta baadaye
ajue imekubali au imekataa.

Leo kabureta inatolewa mahari.
Ukiuliza bei, kijana anatazama simu kwanza,
na wewe, mzee, uko nyuma ya foleni
ya watu wasiowahi kunusa moshi wake.
Balikowa aliuza yake mwaka juzi, akajenga,
vigae, geti la chuma.
Sasa nyumba yote ile hainunui hata milango ya gari lake.
Jumapili hukaa barazani akisikiliza barabara.
Nikipita, hunyanyua mkono kabla hajaniona.

“Milioni mia na themanini,” akasema mwenye daftari,
kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.
Nikauliza itakwenda kukaa wapi.
Ghala la Namanve. Lina mashine ya kukausha hewa.
Itatembea?
Akanionea huruma.
“Ssebo, kila kilomita inakula bei.”
Akainama dirishani, akasoma mita:
99,991.
“Isifike laki. Tafadhali. Isisogee mpaka Jumatatu.”

Namwase alisikia yote kutoka jikoni.
Ada ya Kagoya, mwaka wa pili wa uuguzi.
Bati linalovuja juu ya kitanda chetu,
beseni limelala katikati yetu kama mtoto.
Hakusema kitu.
Aliosha sufuria moja mara tatu.

Usiku nikawaza: labda kupenda nako ni kukalia mali.
Labda tofauti yangu na wao ni sumaku tu.
Si mimi niliyefunika gari turubai
huku mke wangu analala chini ya tundu?
Hilo lilinichoma. Silijibu hapa.

Jumapili alfajiri niliitoa.
Haipendi baridi ya mto.
Mara ya tatu ikakohoa, ikakumbuka.
Gia ya pili kwenye reli, ya tatu Barabara Kuu,
ya nne haikuhitajika, lakini niliipa.
Juu ya bwawa, Nile upande mmoja imelala,
upande wa pili inagomba,
na pistoni sita katikati zikitaka kusikika.
99,998 penye malori, Njeru.
99,999 kwa mama anayewasha jiko la chapati.
Nikapunguza mwendo. Naapa nilipunguza.
Kisha tarakimu zote zikageuka pamoja,
polepole, kama watu wanaosimama kanisani:
00000.

Niliporudi, Namwase alikuwa mlangoni.
Akaitazama mita, akahesabu kwa vidole.
“Umeendesha milioni arobaini,” akasema,
“kwenda Njeru.”
“Na kurudi.”
Hakucheka. Akaingia ndani.
Nikasikia beseni likimwagwa.

Akatoka na kitambaa cha kichwani, kile cha harusi,
akausogelea mlango wa abiria,
ule usiofunguka bila teke la chini,
akaupiga teke.
“Basi nipeleke na mimi
nikaone hiyo arobaini imeangukia wapi.”